Kijana kaanza kubeti: njia inakatwa wapi, kwenye akili, kwenye simu au kwenye hela?

#1 Mlezi wa Bweni
Wakuu, salaam.

Semina nyingi za kuwakinga vijana na kamari, ziwe za shuleni, kanisani au msikitini, huanza na kuishia kwenye "kamari ni mbaya". Kijana wa kidato cha tatu hilo analijua tangu yuko la tano. Kinachomwangusha ni ufupi wa safari kati ya wazo na dau. Hela iko kwenye simu, mkeka (orodha ya mechi unazobashiri) uko kwenye simu hiyohiyo, mkopo nao umo humohumo. Nusu dakika inatosha.

Kwa hiyo nasema kinga ni kuirefusha safari hiyo. Tuanze na laini. Laini nyingi za watoto zimesajiliwa kwa NIDA ya mzazi, mjomba au kaka mkubwa, kwa hiyo kampuni ya kubeti inaona mtu mzima. Sharti la miaka 18 limeshavukwa kabla mtoto hajabonyeza chochote. Namba ya siri ya hela ikae kwa mzazi. Hela ya matumizi itolewe kidogokidogo kwa wiki, isiwe ya muhula mzima kwa mkupuo. Na kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala ifunguliwe mezani, mtoto akiwepo, isikaguliwe kwa kuviziwa.

Ninyi mnaoshinda na vijana, njia mnaikatia wapi?

#2 Mzee wa Hesabu
Nakubali nusu. Kurefusha safari bila kumwonesha hesabu ni kumchelewesha tu, akifika miaka 18 anaenda mwenyewe. Wapeni somo hili, linatosha kipindi kimoja cha dakika 40, ubao na kikokotoo basi.

Chukua soko la magoli, juu au chini ya 2.5, pande zote mbili odi (kizidisho cha dau ukishinda) 1.85. Gawa 1 kwa 1.85 unapata 0.5405. Jumlisha pande zote mbili: 1.081. Kama mchezo ungekuwa wa haki ingekuwa 1 kamili, hiyo 0.081 iliyozidi ndipo kanjibai, mwenye kampuni ya kubeti, anapokula. Ukigawa 1 kwa 1.081 unapata kama 0.925. Maana yake kwenye kila 1,000 inayochezwa, wastani wa kurudi ni 925.

Sasa panga mkeka wa mechi 10 za namna hiyo. Odi zinazidishana, 1.85 mara yenyewe mara kumi inakaribia 470. Buku inaahidiwa laki nne na elfu sabini, kijana anapagawa. Lakini nafasi ya kupatia mechi kumi za nusu kwa nusu ni 1 katika 1,024. Malipo ya haki ni milioni moja na elfu ishirini na nne. Kwa hiyo kabla refa hajapuliza filimbi, zaidi ya nusu ya thamani ya ile buku imeshaondoka. Kwenye mechi moja anakatwa 75 kwa kila elfu, kwenye mechi kumi anakatwa 540 hivi. Ndiyo maana matangazo yanasukuma mikeka mirefu na kuipa "bonasi ya mechi nyingi".

Halafu lile linalowaumiza zaidi: "mechi moja tu imenichania". Kwenye mkeka wa kumi, kupatia tisa na kukosa moja hutokea mara kumi zaidi ya kupatia zote. Ni matokeo ya kawaida kabisa ya huo mchezo. Kijana anayasoma kama dalili kwamba amekaribia. Mwambieni mapema, kabla halijamtokea, kwa sababu likishatokea hasikii.

#3 Kipanga wa Tandika
Mzee hesabu umezipiga vizuri, ila mnazunguka mbuyu. Kijana hana kazi, hana mtaji, benki haimtaki. Jero ndiyo tiketi pekee anayoimudu kununua ndoto ya pikipiki. Mpe kazi uone kama atabeti. Mtaani ukitaka kujua anayecheza dubwi (mashine ya kamari) asubuhi, ni yule asiye na pa kwenda.

Na hao wa dubwi wana akili zao, wanaangalia mashine iliyokula hela za watu tangu asubuhi ndiyo wanakaa nayo. Ikijaa lazima itapike.

#4 Nesi wa Zamu
Kipanga, hilo la mwisho lirekebishwe haraka kwa sababu ndilo linalomaliza watu. Mashine ya kisasa inatoa matokeo kwa namba za kubahatisha, kila mzunguko unajitegemea. Haikumbuki imekula shilingi ngapi. Ukiweka sarafu ya 200 baada ya mtu kuliwa elfu hamsini, nafasi yako ni ileile ya aliyeanza saa mbili asubuhi. Imani ya "imejaa" ndiyo inayomfanya mtu akae nayo hadi nauli iishe.

Kuhusu kazi: wenye mishahara nao wanazama, tena kwa kina zaidi kwa sababu wanakopesheka. Umaskini unamfikisha mtu mlangoni, haumalizi kueleza kwa nini mmoja anaacha na mwingine anashindwa.

Kwa wanaolea, kuna maswali mawili ya kuchujia yanayotumika tangu 1997, mafupi kiasi kwamba mwalimu yeyote anaweza kuyauliza:
Umewahi kuona lazima uweke dau kubwa zaidi na zaidi?
Umewahi kumdanganya mtu wa karibu kuhusu kiasi unachocheza?
"Ndiyo" moja inatosha kumkalisha kijana kwa mazungumzo marefu. Haitoshi kumpa jina la ugonjwa. Kwa jina la ugonjwa, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa 2013 una dalili tisa na unataka zifike angalau nne ndani ya miezi 12: kuongeza dau, kukosa utulivu akijaribu kuacha, kushindwa kuacha mara kadhaa, kuwaza kubeti muda wote, kubeti akiwa na huzuni, kurudi kesho kuzifukuzia zilizoliwa, kudanganya, kuhatarisha masomo au kazi au mahusiano, kutegemea wengine wamlipie. Hapo kwenye kuzifukuzia ndipo pa kuangalia kwanza kwa vijana. Anayecheza na kuliwa na kulala ni tofauti na anayeliwa saa nne usiku na saa nne na dakika kumi yuko ndani tena.

#5 MwanaKisumu
Hamjambo huko. Kwetu Kenya tatizo tunalijua vizuri. Utafiti wa GeoPoll wa 2017 uliwauliza vijana wa miaka 17 hadi 35 kwenye nchi sita za Afrika: wastani waliowahi kucheza kamari ulikuwa asilimia 54, Kenya ikawa 76. Na wengi wanatumia simu.

Mimi nasema mzizi ni matangazo. Redio asubuhi, bango kwenye stendi, msanii na mchezaji mpira wanaringa nayo. Aprili 2025 bodi yetu ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, na Agosti mwaka huohuo ikasainiwa sheria mpya ya kamari ya kuondoa ile ya 1966. Hata 2019 serikali ilifunga kampuni ya kubeti ya SportPesa ili kuokoa vijana.

#6 Mzee wa Hesabu
MwanaKisumu, hapo mwisho pana kona mbili. Julai 2019 leseni za kampuni kadhaa hazikuhuishwa, na mvutano mkubwa ulikuwa kodi. Septemba mwaka huo SportPesa yenyewe ikatangaza kusitisha shughuli, ikilalamikia kodi ya asilimia 20 juu ya kila dau. Kodi hiyo ikafutwa 2020, ikarudi kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ikapanda 12.5 mwaka 2023. Serikali inayokusanya kwa kila dau ina sababu ya kutotaka madau yapungue. Mwenye kupanga kinga alijue hilo mapema.

#7 Kampala Kwetu
Uganda sheria ya 2016 inaweka umri wa chini kuwa miaka 25, msidhani ni 18 kila mahali. Hoja ya wanaoitetea ni kwamba sehemu ya ubongo inayozuia pupa haikomai hadi katikati ya miaka ya ishirini, na hapo sayansi iko upande wao. Shida ni mlangoni. Muuza tiketi anayelipwa kwa kamisheni ya mauzo hana sababu ya kuomba kitambulisho. Mkitaka umri ufanye kazi, faini iende kwa mwenye duka na leseni yake iguswe. Kumkamata kijana kunamfundisha kujificha tu.

#8 Dev Kijitonyama
Mnazungumzia mikeka na dubwi, vijana wa sasa wako kwenye Aviator, ile ndege: dau linazidishwa kadri inavyopaa, na unatakiwa utoke kabla haijaanguka. Hii ni mnyama mwingine. Mkeka unasubiri dakika 90, ndege inaanguka ndani ya sekunde chache na nyingine inapaa. Ukichukulia mizunguko 200 kwa saa, dau la 500 kila mzunguko, umezungusha laki moja kwa saa ukiwa umekaa kitandani.

Kinadharia inarudisha asilimia 97. Makato yake yanaonekana madogo kuliko yale ya Mzee pale #2, wastani unapoteza 3,000 kwa saa. Hatari iko kwenye kudabo. Kijana anafundishwa mtandaoni: toka kwenye mara mbili, ukiliwa dabo dau. Nafasi ya ndege kufika mara mbili ni 48.5 kwa mia. Kuliwa mara sita mfululizo ni kama 1 katika 54, na kwenye mizunguko 200 ni jambo la kutarajia. 500, 1,000, 2,000, 4,000, 8,000, 16,000: jumla 31,500, na dau la saba ni 32,000, yote ili arudishe faida ya 500.

Pili, programu za "kutabiri ndege" zinazouzwa Telegram ni wizi mtupu. Matokeo ya mzunguko hutengenezwa kwa kuchanganya msimbo wa seva na misimbo ya wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hao watatu hawajaweka, matokeo hayajakuwepo, hakuna cha kutabiri. Nyingi zinaomba namba ya siri ya akaunti au zinakutaka ujisajili kupitia kiungo chao ili wapate mgao wa hela utakazoliwa.

Mechi za "fiksi", zinazodaiwa kupangwa matokeo, nazo zina hesabu yake. Jamaa ana namba 900. Wa 300 anawatumia ushindi wa nyumbani, 300 sare, 300 ugenini. Wiki ya kwanza 300 wameona kapatia. Anawagawa tena, 100 wameona kapatia mara mbili. Mara ya tatu wako 33 walioshuhudia kwa macho yao kapatia mara tatu mfululizo. Hao ndio wanaolipa elfu hamsini. Chora mgawanyo huu ubaoni, vijana wanaelewa papo hapo.

#9 Kipanga wa Tandika
Dev shusha pumzi mkuu, umeshusha kitabu kizima. Ila hilo la namba 900 nalibeba, wapo kijiweni wanaliwa hivyo kila Jumamosi.

Bado nasimama na ajira. Nesi kasema wenye mishahara wanazama, sawa, lakini hao ni wachache mbele ya jeshi lililokaa vibanda umiza kuanzia saa nane mchana.

#10 Wakala Sinza
Salaam wadau. Mnaipita mikopo kama hamjaiona. Kwa upande wa dirisha la wakala, kijana anayezama ana mwendo unaoonekana: anaweka hela ndogondogo, 1,000, 2,000, mara nne au tano kwa siku, nyingi baada ya saa tatu usiku, na hatoi. Mfanyabiashara anaweka na kutoa. Huyu anaweka tu. Siku akitoa, ni ya mkopo.

Songesha kwetu na Fuliza kwa Wakenya zinaziba pengo salio likipungua, na hela inayofuata kuingia inakatwa yenyewe. Hata pale ambapo haiwezi kulipia dau moja kwa moja, inalipia umeme au bando, halafu ile taslimu iliyokuwa ya umeme inakwenda kwenye dau. Mzazi akiangalia taarifa anaona umeme, anafurahi. Kwa hiyo Mlezi pale #1 ongeza: kwenye taarifa ya miamala msitafute majina ya kampuni za kubeti tu. Angalieni makato ya mikopo midogo na yanajirudia mara ngapi kwa mwezi. Huduma ya mkopo ifungwe kwenye laini ya kijana kabla hajaizoea. Akifika kwenye kausha damu za mtaani, anaacha na simu yenyewe.

#11 Binti Makorora
Naomba niwarudishe nyuma kidogo, kwa watoto wa miaka 9 hadi 14. Hawa hawabeti, wanacheza gemu, na humo ndimo mkono unapozoeshwa. Free Fire ina almasi unazonunua kwa hela halisi, halafu unazungusha gurudumu bila kujua utapata nguo gani au silaha gani. Mwanga, mlio, nusura upate. Ubelgiji 2018 ilitamka kwamba masanduku ya bahati ya kulipia ni kamari, na Januari 2019 kampuni ya gemu ya EA ikaacha kuuza pointi za gemu yake ya FIFA nchini humo.

Nyumbani hatua ni mbili. Kwenye duka la programu la Google weka sharti la nywila kwa kila ununuzi, na usiache kadi au akaunti ya hela imeunganishwa. Na mkataze kamari ndogo za kwenye vibanda vya PlayStation, ile "anayefungwa analipa na kuongeza buku". Hiyo ndiyo shule ya awali.

Saa za kucheza nazo ni mjadala. China Septemba 2021 iliwapa walio chini ya miaka 18 saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Korea Kusini ilikuwa na katazo la usiku wa manane kwa walio chini ya 16 tangu 2011, wakaamua 2021 kuliondoa. Mimi nadhani mtoto anayecheza saa tatu bila kulipia yuko salama kuliko anayecheza nusu saa akizungusha gurudumu.

#12 Nesi wa Zamu
Binti, karibu nikubaliane, ila saa nazo zina madhara yake. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake mpya iliyoanza kutumika Januari 2022, na hela haimo kwenye vigezo. Wanaangalia kushindwa kujizuia, gemu kupewa nafasi mbele ya mambo mengine, na kuendelea licha ya madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Mtoto wa saa tatu kwa siku anayelala, anakula na kufaulu hayumo. Anayekesha na kusinzia darasani mwangalieni, hata kama hajanunua almasi moja.

#13 Mlezi wa Bweni
Asanteni, uzi umeiva. Kwenye matangazo, MwanaKisumu ana hoja ambayo sikuipa uzito. Tangu 2017 SportPesa ilipokaa kifuani mwa Simba na Yanga zote mbili, mtoto wa darasa la kwanza aliyevaa jezi ya Kariakoo ametembea na tangazo la kamari. England wenzetu wameshapiga marufuku.

#14 Kipanga wa Tandika
Mwananchi halisi hatangazi, anashinda tu 💛💚

Ila England hawajapigiwa marufuku na sheria mkuu. Klabu za Ligi Kuu zenyewe zilikubaliana 2023 kuondoa nembo za kamari kifuani baada ya msimu wa 2025/26. Kwenye mkono wa jezi inabaki, na mabango ya uwanjani yanabaki. Walichotutangulia ni jezi za watoto, zinauzwa bila nembo ya kamari. Hilo klabu zetu zinaweza kulifanya msimu ujao bila kusubiri Bunge.

#15 Mgeni wa Leo
Naomba msaada. Kijana ameshaliwa ada ya chuo na familia imegundua. Tumlipie deni aanze upya?

#16 Nesi wa Zamu
Taratibu hapo, utaratibu una uzito.

Usiku wa kugundulika ndio wa hatari kuliko yote, kwa sababu ya aibu. Asilale peke yake. Mwulizeni kwa upole na waziwazi kama amewaza kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akijibu ndiyo, apelekwe hospitali usiku huohuo, na sumu za panya na dawa zote nyumbani ziondolewe.

Deni lisilipwe kwanza. Aandike orodha yote kwenye karatasi: nani, kiasi, lini, riba. Mara nyingi orodha ya kwanza ina nusu ya ukweli, rudieni baada ya siku tatu. Baada ya hapo ada ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo na deni la mtu lilipwe kwa mtu mwenyewe. Hela isipite mkononi mwa kijana. Ukimpa taslimu akalipe, unamweka mbele ya kishawishi ambacho ameshashindwa nacho.

Vidonge maalumu vya kamari msitafute. Tiba yenye ushahidi ni mazungumzo ya kitaalamu ya kubadili fikra na tabia, kwa wiki kadhaa. Anzieni idara ya afya ya akili ya hospitali ya rufaa ya mkoa, na sonona iangaliwe palepale.

#17 Mzee wa Hesabu
Nesi, kuhusu deni nina wasiwasi. Ya kausha damu inapanda kila wiki. Wakisubiri orodha ikamilike, laki tatu inakuwa tano. Ningelipa ya riba kali siku ya pili, mengine yasubiri.

#18 Nesi wa Zamu
Deni lililolipwa haraka hurudi haraka. Ila kama mkopeshaji anatishia kuja na watu, lipeni hilo moja, kwa mkono wa mzazi.

#19 Wakala Sinza
Mimi niko na Mzee hapa. Riba haisubiri tiba.

#20 Dev Kijitonyama
Kwa Mgeni, upande wa simu fanyeni leo. Kijana mwenyewe aiandikie kila kampuni aliyojisajili aombe akaunti ifungwe kwa sababu ya tatizo la kamari. Hayo maneno ya sababu yawemo, kwa sababu akaunti iliyofungwa kwa "sitaki tena" hufunguliwa kwa simu moja. Atoe namba ya simu aliyosajilia, aombe esemesi za matangazo zisitishwe, apige picha ya jibu. Wasipojibu, nakala iende Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Bonasi itakayokuja kumshawishi arudi, mfanyieni hesabu ya Mzee mbele yake. Mfano bonasi ya 10,000 yenye sharti la kuzungusha mara tano kwenye mikeka ya mechi tatu: anazungusha 50,000, kila mkeka wa tatu unarudisha 79.2 kwa mia, wastani wa kupotea ni 10,400. Bonasi yote imeliwa na mia nne juu.

Halafu wekeni BetBlocker, ni ya bure na ina sehemu ya mzazi, muda wa kufungia unauchagua mwenyewe. Inazuia tovuti na programu tu. Haigusi menyu za nyota na reli, na kampuni nyingi huku zinapokea dau kwa njia hiyo bila bando. Kwa miezi ya mwanzo laini yenye hela ihamie kwa mzazi na kijana abaki na laini isiyosajiliwa huduma ya fedha.

#21 Mgeni wa Leo
Nashukuru sana. Ana laini tatu.

#22 Wakala Sinza
Piga *106# kwenye moja ya laini hizo uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha laini hiyo. Anaposema tatu, hakikisheni kwanza.